Tulivyoomba Kufundisha Mabingwa: Simulizi ya Mama Mafaili, Tabora

Watu wa mtaani kwetu wakisikia kwamba hospitali yetu siku hizi inafundisha madaktari wa upasuaji, swali la kwanza ni: "Mmeletewa daktari gani?" Wanategemea nitaje jina kubwa kutoka Muhimbili. Hatukuletewa mtu. Bingwa ni yule yule wanayemjua, anayekwenda sokoni mwenyewe Jumamosi kutafuta uyoga msimu wake ukifika. Kilichobadilika ni makaratasi, na makaratasi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusimulia.

Mimi ni mtunza kumbukumbu za afya katika hospitali moja mkoani Tabora. Jina lake naliacha, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema yanawagusa wenzangu ambao bado tunakunywa nao chai. Wagonjwa wetu wanatoka Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, na wengine wanatoka vijiji vya ndani ya miombo ambako mgonjwa anapakiwa kwenye pikipiki na kuvumilia mchanga mrefu kabla hajaiona lami. Madaktari vijana wananiita Mama Mafaili. Nilianza na vitabu vya MTUHA, mfumo wa serikali wa taarifa za huduma za afya, vya kujaza kwa kalamu, nikaingia kwenye kompyuta, na taarifa zangu zimekuwa zikifika kwa wakati.

Mganga mfawidhi alipoingia ofisini kwangu na fomu mkononi, nilijua kuna jambo. Mganga mfawidhi hawafuati watu wa mafaili, huwaita.

"Mama, hii ni kazi yako kuliko yangu," akasema. "Tunataka kuomba tuwe kituo cha kufundishia upasuaji."

Niliisoma usiku nyumbani. Maswali kuhusu shahada za bingwa wetu yalikuwepo, lakini yaliisha upesi. Yaliyobaki yalihusu hospitali yenyewe: thieta zipo ngapi na zinafanya kazi siku ngapi, nani anatoa usingizi, damu inatoka wapi, kipande cha nyama kinachoshukiwa saratani kinapimwa wapi na majibu yanarudi baada ya muda gani, mwanafunzi atalala wapi, atasoma kwa intaneti ipi, nani atamsimamia bingwa akiwa likizo. Kisha ikaja sehemu iliyonitoa usingizi: orodha ya kila upasuaji wa mwaka mzima kwa aina yake, na kwa kila mmoja, nani alishika kisu, nani alisaidia, nani alisimamia.

Hapo inabidi nieleze kidogo mambo yalivyo, maana hata baadhi ya madaktari wetu walikuwa wakiyachanganya. Daktari wa Tanzania anasoma miaka 5, anafanya mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika linamsajili kikamilifu. Akitaka ubingwa ana njia mbili kubwa. Ya kwanza ni chuo kikuu, kama MUHAS, yaani chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, au vile vya Moshi na Mwanza, ambako anasoma kwa kawaida miaka 3 au zaidi. Mtaala wa namna hiyo hauanzi kwa sababu maprofesa wameupenda. Lazima waonyeshe kwa utafiti kwamba nchi inawahitaji wahitimu hao, wakae na wadau, upite kwenye idara na seneti, kisha uende Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo iliundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 na kuchukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lililokuwepo tangu 1995. Tume inaupeleka kwa wataalamu wa nje wausome, na wao huuliza walimu mko wangapi na vitanda viko wapi.

Njia ya pili ndiyo iliyotupa ndoto. Mwaka 1999 madaktari wa upasuaji wa nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika waliunda chuo chao, COSECSA, chenye makao Arusha. Wenyewe wanakiita chuo kisicho na kuta. Hakina hosteli wala ukumbi wa mihadhara. Mwanafunzi anaajiriwa na hospitali na anajifunzia humo humo, miaka 2 ya msingi kisha 3 ya fani aliyoichagua, na mitihani ni ile ile kwa wote, awe Lusaka, Addis Ababa au Nzega. Kwa kuwa chuo hakina kuta, kinachokaguliwa ni kuta za hospitali. Ndiyo maana mkoa usio na chuo kikuu cha tiba cha kujivunia ungeweza hata kufikiria jambo hili.

Daktari mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliniuliza, tena kwa furaha kabisa, "Mama, tukipata ithibati, nikifanya kazi hapa miaka kadhaa si nitakuwa bingwa?" Nikamwambia, mwanangu, hayo ni mambo matatu. Ithibati, yaani kibali cha kufundisha, wanapewa wanaofundisha. Cheti unapewa wewe ukifaulu mtihani. Usajili wa ubingwa unapewa na Baraza baada ya kukikubali cheti hicho. Ukiwa na kimoja huna vyote. Marekani wamevitenganisha hadi kwa taasisi: programu za mafunzo zinapewa ithibati na baraza liitwalo ACGME, lililoanzishwa 1981, ilhali mtu binafsi anathibitishwa na bodi za fani yake, ambazo mwavuli wake ulianza 1933. Leseni nayo inatolewa na jimbo. Kijana aliondoka ameinama, lakini alielewa.

Sasa turudi kwenye rejista ya thieta.

Rejista yetu ilikuwa na safu za tarehe, jina, umri, aina ya upasuaji, daktari, na aina ya usingizi. Ilijazwa vizuri. Tatizo lilikuwa neno moja: laparotomi. Ukurasa baada ya ukurasa, laparotomi, laparotomi. Kwa MTUHA hilo linatosha, kwa sababu MTUHA inataka kujua huduma ngapi zimetolewa. Lakini laparotomi maana yake ni kwamba tumbo limefunguliwa tu. Ndani ya neno hilo kuna utumbo uliojisokota, kidole tumbo kilichopasuka, tundu la homa ya matumbo, bandama iliyochanika kwenye ajali ya bodaboda, na kisu cha ugomvi wa kilabuni. Kwa anayejifunza, hayo ni masomo tofauti kabisa. Anaweza kufunga matundu ya matumbo mwaka mzima asijue kuondoa bandama.

Safu ya daktari nayo ilikuwa na jina la bingwa wetu kila mahali, kwa heshima. Kama kijana ndiye aliyeshona na bingwa amesimama pembeni akimwelekeza, liliandikwa jina la bingwa. Kama bingwa alikuwa kikaoni Dodoma, wakati mwingine liliandikwa la bingwa vile vile! Vitabu vyetu vilitengenezwa kuhesabu wagonjwa. Havikuwahi kufikiria kwamba thietani kuna mwanafunzi.

Tukakaa mimi na sista wa thieta jioni, baada ya kazi, tukiwa na rejista upande mmoja na marundo ya mafaili upande wa pili. Tunachukua jina, tunatafuta faili, tunasoma maelezo ya upasuaji, tunaandika kilichofanyika hasa na nani alifanya. Kuna mafaili yalikuwa na maelezo ya kupendeza, mengine mstari mmoja: "Laparotomi imefanyika, mgonjwa ametoka salama." Mengine hayakuwepo kabisa. Sista yule ana kumbukumbu ya ajabu. Anaangalia jina anasema, "Huyu ni yule mama wa Ipole, utumbo ulikuwa umeshakuwa mweusi, Daktari akamwachia kijana ashone, mimi ndiye niliyekuwa nahesabu vitambaa."

"Nakuamini, Sista," nikamwambia, "ila mkaguzi hatasoma kichwa chako."

Yale yasiyo na karatasi tukayaacha nje ya hesabu. Idadi ikashuka. Mganga mfawidhi alipoiona alikunja uso, na mkubwa mmoja kitengoni, sitamtaja hata kwa cheo, akapendekeza tujaze pale palipo wazi, "maana kazi si ilifanyika kweli?" Nilikataa, na sikukataa kwa utakatifu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba wakaguzi wa namna hii huchagua jina lolote kwenye orodha na kukwambia, niletee faili lake. Namba ndogo inayosimama ni bora kuliko kubwa inayoanguka mbele ya wageni.

Katika kazi hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini idadi inaulizwa. Haiulizwi ili hospitali isifiwe. Upasuaji wa mwaka unagawanywa kwa vichwa vya wanaojifunza. Kama ngiri na mabusha na kidole tumbo vinamtosha mmoja, wataruhusu mmoja, hata kama una vyumba vya kulala vya kumi. Bahati yetu ni kwamba hapa magonjwa hayakosekani. Hospitali za mijini zenye mashine nyingi zinaweza kuwa na mabingwa watano wanaogombea mgonjwa mmoja wa ngiri.

Wakaguzi walikuja wawili, wote madaktari wa upasuaji, mmoja kutoka nchi jirani mwenye Kiswahili cha Kenya. Tulikuwa tumepaka rangi. Hospitali zote hupaka rangi. Hawakuitazama. Walichukua jina kwenye orodha, wakaomba faili, wakalifuata hadi kliniki ya marudio kuona mgonjwa alirudi lini na kidonda kilikuwaje. Wakaingia thieta, wakafungua kabati la dawa za usingizi, wakamuuliza mtaalamu wa nusu kaputi amelala saa ngapi jana. Wakaenda kuona nyumba ya mwanafunzi, wakafungua bomba wenyewe.

Kisha wakaomba kuzungumza na madaktari vijana bila wakubwa kuwepo. Mganga mfawidhi alitoka nje akakaa kwenye benchi chini ya mwembe, akawa anageuza simu mkononi. Vijana waliniambia baadaye walichoulizwa: Bingwa akisafiri, unamwita nani usiku? Ukimwita, anakuja au anakujibu kwa simu? Mgonjwa akifa mezani, mnakaa kulizungumza, au linapita? Ukisema umekosea, nini kinakupata?

Swali la tatu ndilo lililotubana. Vifo vya uzazi tulikuwa tunavijadili, hilo ni agizo na kila hospitali inalijua. Vya upasuaji tulikuwa tunavihuzunikia tu. Hakukuwa na kikao wala muhtasari.

Hukumu yao ilikuwa ya kutukubali kwa masharti. Mwanafunzi mmoja tu kwa kuanzia. Msimamizi wa pili apatikane. Kikao cha kila wiki cha kupitia madhara na vifo, chenye muhtasari. Utaratibu wa maandishi wa kupeleka vipande vya nyama maabara. Halafu watarudi. Bingwa wetu, mtu ambaye mkoa mzima unamwita kwa jina lake la utani na wakulima wa tumbaku wanamletea kuku, aliumia kidogo. Alisoma barua mara mbili akasema, "Kwa hiyo mimi sitoshi?" Mkaguzi yule wa Kiswahili cha Kenya alikuwa ameshamjibu kabla hajaondoka: wewe unatosha kutibu, lakini ukiugua malaria wiki mbili shule imefungwa. Nimeona maneno hayo ni makali, na nimeona ni ya kweli. Programu inayomtegemea mtu mmoja haipewi ithibati popote penye akili.

Msimamizi wa pili alipatikana kwa barua nyingi na mganga mfawidhi kukaa sana kwenye ofisi za watu. Sina la kueleza zaidi hapo.

Rezidenti wetu wa kwanza, yaani daktari anayesomea ubingwa, alipofika, jambo lililobadilika haraka ni mwendo wa thieta. Bingwa anatoa ngiri upesi, rezidenti anachukua muda karibu mara mbili, na foleni ya wagonjwa inarefuka. Mzee mmoja wa Ndala, baada ya kuamkiana naye mwangaluka yake na yangu, akanivuta pembeni ya dirisha langu.

"Mama, huyu kijana anajifunzia kwenye tumbo langu?"

Nikamwita bingwa ajibu mwenyewe. Alichuchumaa mbele ya benchi, akamshika mzee mkono. "Ndiyo, baba, anajifunza. Na mimi nitakuwa nimesimama hapo, mkono wangu karibu na wake. Ukisema hutaki, nitafanya mwenyewe." Mzee akafikiri, akauliza huyo kijana ni mtoto wa nani, akaambiwa ni wa Bukene. Akakubali. Ruhusa ile iliandikwa kwenye faili, na siku hizi kila ruhusa inaandikwa hivyo, jina la anayejifunza likiwemo.

Kila jioni rezidenti anajaza daftari lake la upasuaji kwenye kompyuta: alifanya nini, kama mkuu, msaidizi au mtazamaji, na msimamizi anathibitisha. Mimi nalinganisha na rejista. Siku hizi rejista yetu ina safu tatu za majina, tulizipiga mistari wenyewe kwa rula.

Sasa, huyu kijana anataka kwenda mbali zaidi. Anataka upasuaji wa watoto, yaani ubingwa bobezi, na ndiye aliyenifungulia macho kuhusu ngazi ya juu. Alinionyesha taratibu za Marekani kwenye simu yake. Kule programu ya ubobezi haisimami peke yake, inaegemea programu ya ubingwa iliyo chini yake, na ile ya chini ikipoteza ithibati, ya juu nayo inaondoka. Programu mpya inapewa ithibati ya awali, kisha inakaguliwa baada ya takriban miaka 2 ndipo iendelee au iwekwe chini ya onyo. Wanafunzi wanajaza dodoso kila mwaka, majina yao hayaonekani, na majibu yanaingia kwenye uamuzi. Saa za kazi zina kikomo, 80 kwa wiki kwa wastani, tangu 2003. Nilicheka nilipoona hilo, nikamkumbuka mtaalamu wetu wa nusu kaputi.

Kabla ya programu kuna hatua nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Fani yenyewe lazima ikubalike kuwa fani. Tiba ya dharura ni mfano mzuri, ingawa ni ubingwa wa kawaida si ubobezi: Marekani iliitambua rasmi 1979. Kwetu, Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura na mafunzo ya ubingwa yakaanza 2010, na wahitimu wa kwanza wakatoka 2013. Mwanzoni walimu wengi walikuwa wageni, kwa sababu huwezi kuwa na mwalimu wa fani ambayo hakuna aliyeisoma. Ubobezi nao unapita humo humo: mtu mmoja anakwenda India au Afrika Kusini, anarudi, Baraza linakitambua cheti chake, anafuata wa pili na wa tatu, ndipo mtaala unaweza kuandikwa. MUHAS ina mafunzo ya ubobezi ya miaka 2, na wanafunzi wake wanajifunzia penye wagonjwa wengi wa aina hiyo, mfano Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Serikali nayo inalipia masomo ya ubingwa bobezi kwa madaktari wengi.

Kijana aliniuliza kama siku moja Tabora itafundisha upasuaji wa watoto. Nilimjibu kama mtu wa takwimu: niletee watoto wangapi kwa mwaka wenye njia ya haja kubwa iliyoziba, wangapi wenye koo la chakula lisilounganika, na wangapi kati yao waliwahi kufika wakiwa hai. Alinyamaza. Wagonjwa adimu hukusanywa mahali pamoja, na kufundisha ubobezi kunafuata wagonjwa. Hilo siwezi kulilaumu.

Ninalolilaumu ni jingine. Utafiti uliochapishwa 2017 ulifuatilia madaktari wa upasuaji waliohitimu ukanda huu kati ya 1974 na 2013, ukakuta takriban asilimia 85 wamebaki katika nchi walikosomea. Watu hushangilia namba hiyo, na ni nzuri kweli. Lakini nchi si mkoa. Kubaki Tanzania kunaweza kuwa kubaki Upanga, Dar es Salaam. Masharti ya walimu wawili na maabara ya karibu, ambayo nimeyasifu hapa, ndiyo yanayozifungia nje hospitali ambazo zingemfanya kijana wa Bukene abaki karibu na Bukene. Ningekuwa na sauti ningeomba msimamizi wa pili aruhusiwe kugawanywa kati ya hospitali mbili za mkoa mmoja, kwa zamu iliyoandikwa, na wakaguzi wakague zamu hiyo kwa ukali ule ule.

Wakaguzi wanakuja tena mwaka huu. Mihtasari ya vikao ipo, rejista ipo, maabara inajibu, ingawa kwa kuchelewa. Msimamizi wa pili ana barua ya uhamisho mfukoni, ameniomba nisimwambie mtu, na mganga mfawidhi ameshajua kwa njia zake. Wiki iliyopita alikuja tena ofisini kwangu, akakaa, akauliza kama kwenye mafaili ya watumishi yupo daktari yeyote wa upasuaji aliyezaliwa mkoa huu na anayefanya kazi kwingine. Tumepata majina matatu. Tumeanza na wa kwanza, na simu yake inaita.